Mashtaka Dhidi ya Buibui

Tuseme dai ni la kweli. Tuseme kila binadamu, kwa wastani, humeza buibui wanane kwa mwaka akiwa usingizini, kama tunavyoambiwa. Sasa chukua bweni moja la shule ya sekondari lenye wanafunzi 60. Wanane mara 60 ni buibui 480 kwa mwaka. Wagawe kwa siku 365, utapata zaidi ya buibui mmoja kwa kila usiku. Yaani kila usiku wa Mungu, ndani ya chumba kilekile, buibui anapanda shavu la mtoto wa watu, anavuka midomo, anapita juu ya ulimi na kushuka kooni, na kati ya watu wote 60 hakuna aliyewahi kumwona. Si anayesoma kwa tochi chini ya shuka, si anayerudi kutoka msalani, si aliye kitanda cha juu ambaye usingizi umemkataa, wala si matroni anayepita kuhesabu vichwa.

Nenda hospitali. Wodi yenye vitanda 30 ingetoa buibui 240 kwa mwaka, karibu siku mbili katika kila tatu. Muuguzi wa zamu ya usiku anapima joto, anaangalia dripu, anasikiliza pumzi za watu. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kutazama waliolala. Mama anayenyonyesha naye huamka mara kadhaa usiku na kuinamia uso wa mwanawe. Halafu zipo maabara za usingizi, ambako mgonjwa hulala na kipimo cha hewa puani, nyaya zimebandikwa kichwani, na kamera inayoona gizani ikimwangalia mpaka asubuhi. Kama jambo hili lingekuwa linatokea mara nane kwa mwaka kwa kila mtu, basi kila familia ingekuwa na kisa chake cha kusimulia, na kila muuguzi angekuwa na vitano.

Nimetanguliza hesabu kwa makusudi, kwa sababu haihitaji mtaalamu wa wadudu wala daktari. Inahitaji kalamu na dakika mbili. Dai hili limezunguka dunia kwa miongo kadhaa, likasomwa na watu wenye digrii na wasio nazo, na ni wachache mno waliokaa chini wakalizidisha kwa idadi ya watu wanaolala nao nyumba moja.

Matoleo yake ni mengi. Kuna wanaosema wanane kwa mwaka, kuna wanaosema wanne, kuna wanaosema wanane katika maisha yote, na tofauti hiyo peke yake ingetosha kututia shaka, maana nambari iliyotokana na kipimo haibadiliki kila inapobadilisha mdomo. Chanzo kinachotajwa mara nyingi ni makala ya mwaka 1993 kwenye gazeti moja la kompyuta. Inasemekana mwandishi wake, Lisa Holst, alikuwa akilalamika kwamba watu huamini chochote kinachowafikia kwa barua pepe, na ili kuthibitisha hoja yake akatunga orodha ya mambo ya uongo yasiyoingia akilini, likiwamo hili la buibui, ambalo alilitoa kwenye kitabu cha mwaka 1954 cha Lucy Clausen kuhusu wadudu na ngano zao. Maelezo hayo yalienezwa na Snopes, tovuti ya Marekani inayochunguza uvumi, na waandishi wa magazeti na vitabu wakayanukuu kwa miaka mingi. Ni masimulizi matamu: mtu alitunga uongo kuonyesha jinsi watu wanavyoamini uongo, na watu wakauamini.

Ila makala hiyo haijawahi kupatikana. Kitabu cha Clausen kipo kweli, mtu anaweza kukishika mkononi. Ni makala ya Holst isiyoonekana. Tena jina lake kamili linatajwa kuwa Lisa Birgit Holst, na herufi za jina hilo ukizipanga upya zinatoa sentensi ya Kiingereza yenye maana kwamba huu ni utani mkubwa wa kuwanasa watu. Kwa hiyo hata maelezo ya namna uongo ulivyozaliwa yana kila dalili ya kutungwa, na waliojiona wamekwepa mtego wa kwanza wakaingia wa pili. Jambo hili linanigusa kama mwandishi. Waliolinukuu walikuwa watu makini, waliotaka kusahihisha wengine, na hatua iliyobaki ilikuwa ndogo tu: kuulizia gazeti lenyewe.

Kwa nini basi neno kama hili likitufikia tunalipokea? Mwaka 1977 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Lynn Hasher, David Goldstein na Thomas Toppino, walichapisha utafiti ambao hadi leo unarejelewa sana. Waliwapa wanafunzi wa chuo orodha za kauli za kawaida, baadhi za kweli na baadhi za uongo, mara tatu, kwa kupishana wiki mbili mbili, na kila mara wakawataka waseme wana uhakika gani kwamba kila kauli ni ya kweli. Baadhi ya kauli zilirudiwa katika vikao vyote vitatu. Zile zilizorudiwa zilizidi kuaminiwa kikao hadi kikao, za kweli na za uongo vilevile. Hakuna ushahidi mpya ulioongezwa. Kilichoongezeka ni mazoea ya sikio tu. Dai la buibui lina hilo, na lina zaidi ya hilo, kwa kuwa linagusa saa ambayo hakuna anayeweza kujitolea ushahidi mwenyewe. Aliyelala hajui kilichompata. Ukimwambia alimeza kitu, atakukatalia kwa ushahidi gani?

Ushahidi upo, ila inabidi tumwendee buibui mwenyewe.

Katika nyumba nyingi za ukanda wetu yupo yule buibui mkubwa wa ukutani, wa kahawia, bapa, ambaye miguu yake ikitandazwa hufunika kiganja cha mtoto. Wataalamu humwita *Heteropoda venatoria*. Amesambaa karibu katika nchi zote za joto duniani, kwa sehemu kubwa kwa kusafiri na mizigo ya watu. Hafumi utando wa kunasia. Anawinda kwa miguu yake, na mende ni kitoweo chake. Mwangalie jike akiwa na mayai. Hubeba chini ya kifua kifuko cheupe cha duara, bapa kama sarafu, na huenda nacho popote. Msogelee polepole kwa mwanga hafifu, na ukiwa umbali wa mkono mmoja, mpulizie kwa mdomo, pumzi ndogo tu, isiyoweza hata kuzima kiberiti. Kabla pumzi hiyo haijaisha atakuwa nyuma ya kabati.

Anachokikimbia ni hewa iliyotikisika. Miguuni mwake ana vinyweleo vyembamba sana, kila kimoja kimesimama katika kishimo chake, na hewa ikisogea kidogo kabisa hupinda na kumpelekea habari. Kwenye ganda la miguu, hasa karibu na viungo, ana pia mipasuko midogo inayohisi mtikisiko wa kitu anachokanyaga, iwe ukuta, jani au shuka. Kwa mipasuko hiyo buibui wa utando hujua kama aliyenasa ni nzi, kama ni upepo umepita, au kama ni dume linabisha hodi. Macho ya buibui wengi ni dhaifu. Ulimwengu wao ni wa mitetemo, na kwa viumbe hawa, ambao wengi wana uzito wa punje ya mchele au pungufu, mtetemo mkubwa maana yake ni mnyama mkubwa.

Sasa fikiria kichwa cha mtu juu ya mto. Moyo unapiga, na pigo linasikika hadi kwenye godoro. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kila pumzi inayotoka ni upepo wenye joto na unyevu, wenye nguvu kuliko huo uliomfukuza jike la ukutani. Akikoroma, ndiyo basi. Kwa buibui, mtu aliyelala ni mkusanyiko wa mitetemo ya hatari. Na hata kama asingeogopa, aende mdomoni kufanya nini? Hakuna windo mle, hakuna pa kufungia uzi, ni maji matupu. Buibui wengi wa ndani huishi na kufa karibu na utando wao. Wanaotembea usiku ni wawindaji wanaofuata wadudu na madume yanayotafuta majike, na hakuna kati yao anayeyapata hayo kwenye ulimi wa mtu.

Upande wa mlalaji nao una kinga zake. Midomo ni miongoni mwa sehemu zenye hisi kali kuliko zote mwilini. Unywele mmoja ukiangukia mdomoni, mkono huinuka wenyewe. Mate hupungua sana usiku, na kumeza hupungua nayo, kiasi kwamba katika usingizi mzito mtu anaweza kukaa muda mrefu bila kumeza kabisa. Mara nyingi kumeza huja pale usingizi unapolegea kidogo. Lazima ulimi uinuke, usukume, njia ya hewa ifungwe, na misuli mingi ifanye kazi kwa mpangilio. Kitu chenye miguu minane kikifika kooni kabla ya hayo yote, kinachofuata ni mtu kuamka amepaliwa, akikohoa, na chumba kizima kuamka naye.

Rod Crawford, ambaye kwa miaka mingi alitunza mkusanyiko wa buibui katika Jumba la Makumbusho la Burke mjini Seattle na kuandika sana juu ya imani potofu zinazowahusu, amesema kwamba katika machapisho ya sayansi na ya tiba hakuna kumbukumbu rasmi ya tukio la namna hii. Sisemi kwamba haliwezi kutokea hata mara moja. Duniani kuna watu zaidi ya bilioni 8 wanaolala kila siku, na lolote linaweza kumpata mmoja wao. Lakini kati ya jambo linaloweza kumpata mmoja katika mabilioni na jambo linalompata kila mtu mara nane kwa mwaka kuna bahari nzima. Na kwetu, ambako watu wengi hulala ndani ya chandarua chenye dawa, buibui ana kikwazo kingine zaidi, kwani dawa iliyowekwa kwa ajili ya mbu haimwachi salama hata yeye.

Kama yupo buibui mwenye sababu ya kweli ya kumfuata binadamu, anaishi kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda. Ni buibui mrukaji mdogo, wa nusu sentimita hivi, aliyepewa jina la kisayansi *Evarcha culicivora* mwaka 2003. Hukaa kwenye majani karibu na majumba na juu ya kuta za majumba yenyewe. Robert Jackson, mtafiti kutoka New Zealand, na wenzake walimchunguza kwa miaka mingi huko Mbita, katika kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kinachobeba jina la mwanzilishi wake, Profesa Thomas Odhiambo. Mwaka 2005 walichapisha jambo lililowashangaza wanasayansi wengi: buibui huyu anapenda damu. Mdomo wake hauwezi kutoboa ngozi ya mnyama, hivyo damu huipata kwa mkono wa pili, kwa kumla mbu jike aliyekwisha kunyonya.

Aliyewahi kukaa kando ya ziwa lile anajua jinsi visubi vya ziwani vinavyopanda kama moshi juu ya maji, vikaingia ndani jioni na kufunika taa na kuta. Katikati ya umati huo mbu ni wachache. Buibui huyu huwapita visubi kadhaa wanaokaribia kufanana na mbu na kumwendea mbu mwenyewe, tena aliyeshiba damu, tena hasa anofelesi, yule anayeeneza malaria. Anofelesi hutua akiwa ameinua mkia juu, na vitoto vya buibui hawa hutumia mkao huo kumtambua, kisha huzunguka na kumvamia kwa nyuma. Mwaka 2011 Fiona Cross na Jackson wakaongeza kipande kingine. Waliwaweka buibui hawa kwenye hewa iliyopitishwa juu ya soksi zilizovaliwa na kwenye hewa ya soksi safi, na buibui wakakaa muda mrefu zaidi penye harufu ya miguu ya mtu.

Huyu basi ndiye buibui anayevutwa na harufu yetu. Anaingia nyumbani kwetu kwa sababu sisi tumo ndani. Hata hivyo, shughuli yake iko ukutani, pale mbu anapotua kupumzika baada ya kutunyonya, na anapomkamata anaondoa mmoja wa viumbe walioua watu wengi zaidi katika bara hili. Sijui habari nzuri zaidi ya hii juu ya mdudu wa ndani, na inaniuma kwamba watoto wanaosoma shule kilomita chache kutoka Mbita wanaweza kuwa wamesikia habari za buibui wanane wa kumezwa na hawajasikia habari za huyu.

Na si yeye peke yake. Mwaka 2017 Martin Nyffeler na Klaus Birkhofer walikadiria kwamba buibui wa dunia nzima hula kati ya tani milioni 400 na 800 za windo kwa mwaka, sehemu kubwa ikiwa ni wadudu. Hadi mwaka 2022 aina za buibui zilizosajiliwa na wanasayansi zilikuwa zimefika 50,000. Wazee wa pwani hawakuhitaji takwimu hizo. Wapo hadi leo wasiokubali buibui auawe ndani ya nyumba, kwa kukumbuka utando uliofumwa kwenye mlango wa pango la Thawr, Mtume na Abubakar walipokuwa wamejificha humo.

Mdudu anayemwingia mtu usingizini yupo, ila njia yake ni sikio. Katika Hospitali ya Tygerberg, Cape Town, madaktari waliwahi kuhifadhi wadudu waliowatoa masikioni mwa wagonjwa kwa miaka miwili. Walikuwa 24. Kumi kati yao walikuwa mende, wale wadogo wa jikoni, na nzi walikuwa wanane. Waliobaki ni pamoja na mbawakawa, nondo na kupe. Buibui hakuwamo. Amewahi kukutwa sikioni kwingineko: mwaka 2023 madaktari wa Taiwan walieleza kisa cha mama wa miaka 64 aliyesikia mchakacho sikioni kwa siku kadhaa, na ndani wakamkuta buibui mdogo pamoja na ganda alilolivua. Tofauti na mdomo, tundu la sikio ni giza, ni kavu, halipumui, na mende hupenda kujibana. Likikutokea, usichokonoe kwa njiti ya kiberiti wala pamba. Matone machache ya mafuta ya kupikia yaliyo vuguvugu humwua mdudu na kutuliza ile adha, mradi sikio halitoki usaha na ngoma yake haijatoboka. Kumtoa ni kazi ya zahanati.

Na aliyemeza buibui kwa bahati mbaya angedhurika? La. Sumu ya buibui hufanya kazi ikipenya ndani ya ngozi. Tumboni huyeyushwa pamoja na chakula. Katika mji wa Skuon nchini Kambodia, buibui wakubwa wenye manyoya hukaangwa na kuuzwa kando ya barabara. Hata wewe usiyewataka umekwisha kula jamaa zao wa mbali: mamlaka ya chakula ya Marekani haichukulii hatua unga wa ngano mpaka ufikishe wastani wa vipande 75 vya wadudu katika kila gramu 50, kwa sababu haiwezekani kulima, kuhifadhi na kusaga ngano bila wao.

Dai la kumeza limetoka ng'ambo. Sisi tuna la kwetu, la zamani zaidi na lenye madhara zaidi. Mtu anaamka asubuhi ana vipele vya maji pembeni mwa mdomo, au mstari mwekundu unaochoma shingoni, na jibu liko tayari mdomoni mwa kila aliye karibu: umekojolewa na buibui.

Buibui hana mkojo wa namna hiyo. Uchafu wa mwili wake hutoka zaidi kama guanini, kitu cheupe, kizito, kisichochoma. Umekwisha kuuona bila kuutambua: ni yale madoa meupe na meusi, madogo kuliko mbegu ya ufuta, yanayokauka ukutani chini ya pembe anayokaa. Ukiyagusa hayakufanyi kitu.

Mstari unaochoma, mara nyingi, ni kazi ya nairobi-flai. Licha ya jina lake, si nzi. Ni mbawakawa mwembamba, mfupi kuliko sentimita moja, mwili umegawanyika vipande vya rangi ya chungwa na nyeusi, na mgongoni ana magamba mafupi ya buluu au kijani yanayong'aa. Akitembea hupinda mkia juu, kwa hiyo wengi humdhania siafu au nge mdogo. Haumi wala hachomi. Ndani ya mwili wake mna kemikali iitwayo pederini, inayotengenezwa na bakteria wanaoishi katika majike, nayo hutoka pale tu anapopondwa. Hufuata taa usiku, huanguka shingoni, mkono unamfikicha bila mwenyewe kujua, na kemikali inapakwa kwa mstari uleule ambao vidole vimepita. Ngozi haionyeshi kitu papo hapo. Ni baada ya siku moja hivi ndipo wekundu na malengelenge hujitokeza, na kama ni kwenye kiwiko, upande wa pili wa mkunjo nao huungua kwa kugusana. Wakati huo mdudu amekwisha kukung'utwa pamoja na shuka. Mgonjwa anainua macho, na kwenye pembe ya dari anamwona aliyekuwapo wiki zote: buibui.

Nairobi-flai huzaliana kwa wingi baada ya mvua kubwa. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilileta wimbi kubwa la wagonjwa nchini Kenya, na tangu hapo masika yakizidi hurudi. Kinga yake ni rahisi. Ukimwona juu ya ngozi usimpige. Mpulize, au muwekee karatasi apande. Akipondeka, osha mahali hapo mara moja kwa maji na sabuni, na mikono pia, kabla hujagusa macho. Mfikicha macho ndiye anayepata lile jicho jekundu lililofura ambalo hata madaktari hulitaja kwa jina la Nairobi.

Vile vipele vya mdomoni vina mwenyewe mwingine: virusi vya hepesi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu theluthi mbili ya watu walio chini ya umri wa miaka 50 wanavyo, wengi wakiwa wamevipata utotoni. Hulala kwenye mizizi ya neva za uso, na homa, jua kali au uchovu vikimpata mtu, huamka na kurudi palepale midomoni. Kabla kipele hakijatokea mtu huhisi mwasho na mnyeo mahali hapo. Virusi hivi huenda kwa mate na kwa busu, na kwa mtoto mchanga vinaweza kuua. Mama aliyeambiwa ni mkojo wa buibui atambusu mwanawe bila wasiwasi, kwani mdudu amekwisha kulaumiwa na kesi imefungwa. Hapa ndipo ninapoacha kuliona suala hili kama la kupoteza muda.

Tena hilo la mdomoni ni afadhali. Malengelenge yanayojipanga kama ukanda, upande mmoja tu wa kifua, mgongo au uso, yakitanguliwa na maumivu ya kuungua, ni mkanda wa jeshi. Ni virusi vya tetekuwanga vilivyobaki mwilini miaka mingi na kuamka kinga ilipopungua. Kwa mtu mzee inaweza kuwa ni umri tu. Kwa kijana, Shirika la Afya Duniani limeuweka miongoni mwa dalili zinazotaka apimwe VVU, na wapo wengi waliojua hali yao mapema na kuanza dawa kwa sababu mhudumu wa afya aliuona ukanda huo na kuutambua. Aliyeridhika kwamba ni buibui atapaka majivu au dawa ya meno na kungoja. Dawa za virusi vya mkanda wa jeshi hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 72 tangu malengelenge ya kwanza yatokee, na yakitokea kwenye paji la uso au ncha ya pua, jicho la upande huo liko hatarini; mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.